Mteremko unasoma vibaya kwenye AutoCAD: dalili, chanzo na dawa

"Mkuu, chemba ya tatu iko juu kuliko ya pili. Sasa maji yatapandaje?"

Simu ilitoka saiti, Mwanza, kwenye mtaa wenye mawe na miinuko kiasi kwamba hata mtoto anajua mvua ikinyesha maji yatakimbilia wapi. Kwenye skrini yangu bomba la maji taka linaloziunganisha chemba hizo lilikuwa na lebo safi kabisa ya mteremko: 2.50%. Namba sikuibuni, ilitoka kwenye AutoCAD, programu ninayochorea ramani kwenye kompyuta. Kwa hiyo nikamjibu fundi kwa kujiamini kwamba arudie kupima. Akarudia. Fundi alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na lebo tu.

Kosa lenyewe nitalieleza mwishoni, kwa sababu lilinichukua muda mrefu kuliko yote kuligundua. Baada ya hapo nilianza kuandika kwenye daftari kila mara mteremko uliposoma kitu ambacho hakiingii akilini, pamoja na chanzo kilichopatikana. Haya yametoka humo. Nimeegemea AutoCAD kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo, ila anayetumia ZWCAD, BricsCAD au GstarCAD atakuta amri nyingi ni zilezile. LibreCAD ni ya pande mbili tu. Wa huko aruke yote yanayohusu Z, yaani namba ya kimo.

Jambo moja la kushika tangu mwanzo: programu haijui neno "mteremko" unalitumia kwa maana gani. Kuna mteremko wa kimo, yaani Z inashuka kiasi gani kwa kila mita ya mlalo. Huo unaupata kwenye ramani iliyochorwa kutoka juu. Halafu kuna mteremko wa mchoro wa mkato, kama profaili ya barabara au paa lililochorwa kwa ubavu, ambako kupanda na kushuka kumo kwenye Y na Z haina kazi. Karibu kila namba ya ajabu niliyokutana nayo ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo sikuuliza.

Kwanza, chora mistari mitatu

Kabla hujagusa mchoro wa kazi, fungua faili tupu na chora mistari hii kwa amri ya LINE:

Wa kwanza, kutoka 0,0,0 hadi 100,0,2.5. Huu una mteremko wa kimo wa 2.5%.

Wa pili, kutoka 0,0 hadi 100,2.5. Huu ni wa mkato, nao ni 2.5%.

Wa tatu, kutoka 0,0 hadi 100,100. Huu ni nyuzi 45, yaani 100%, wala si 45% kama wengi wanavyodhani.

Sasa endesha skripti yako (programu ndogo ya kujiandikia ya kupima mteremko), lebo yako au njia yoyote unayotumia juu ya mistari hii. Ikitoa majibu sahihi hapa na kukosea kwenye mchoro wa kazi, mgonjwa ni mchoro. Ikikosea hata hapa, mgonjwa ni skripti au mipangilio. Dakika mbili hizi zimeniokoa na usiku mwingi wa kuhangaika na mchoro usio na kosa lolote.

Kila mstari unasoma 0.00%

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu mara nyingi kuliko zote, na ina vyanzo vinne vinavyofanana usoni.

Anza kwa kuuliza kama hiyo ni sifuri ya kweli au sifuri ya kukadiriwa. Ongeza desimali hadi sita. Ikibaki 0.000000, ni sifuri kweli. Ikitokea kitu kama 0.002500, mteremko upo ila umefichwa, na hapo karibu kila mara umechanganya milimita na mita. Msanifu alichora nyumba kwa milimita, kama wasanifu wengi wanavyofanya. Bomba la mita 12 likawa na urefu wa 12000 kwenye faili. Wewe ukaingiza vimo kwa mita, tofauti ya 0.3. Programu ikagawa 0.3 kwa 12000. Jibu ni 0.0025%, na kwa desimali mbili linaonekana 0.00. Badilisha vimo viwe milimita, au punguza mchoro kwa SCALE ya 0.001 kabla ya kuingiza vimo vya mita (SCALE hupunguza na Z pia, kwa hiyo vilivyokwisha kuingia viingize upya), kisha uendelee na maisha.

Ikiwa ni sifuri ya kweli, chagua mstari na bonyeza Ctrl+1 ufungue dirisha la sifa. Angalia Z ya mwanzo na Z ya mwisho. Zote zikiwa 0, mchoro hauna vimo hata kidogo. Hapa ndipo watu hugombana na saveya. "Lakini vimo vipo, navisoma hapa!" Ndiyo, unavisoma: pembeni ya nukta pameandikwa 1141.35. Lakini hayo ni maandishi. Bonyeza nukta yenyewe kwa amri ya ID na utaona Z = 0. Kimo kimeandikwa kama unavyoandika jina la mtaa; programu haikihesabu. Wakati mwingine saveya alileta nukta nzuri kabisa, kisha mtu katikati akaendesha FLATTEN ili "kusafisha" mchoro, na vimo vyote vikalala chini.

Dawa ni kumwomba saveya faili lake la orodha, lenye mashariki, kaskazini na kimo, uingize nukta upya. Kwa Mwanza, ukiona kaskazini inaanzia kwenye milioni 9.7 na kimo ni elfu moja mia moja na kitu, unajua uko mahali pake, maana Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1134 juu ya bahari. Mtu akikosea akabadilishana mashariki na kaskazini, ramani itageuka kama imetazamwa kwenye kioo, lakini mteremko wa kimo hautabadilika hata kidogo, kwa kuwa umbali wa mlalo ni uleule. Kwa hiyo mteremko sahihi si ushahidi kwamba ramani imekaa sawa. Kama faili la orodha limepotea, Civil 3D, ndugu yake AutoCAD wa kazi za barabara na mabomba, ina zana ya kuinua bloku (alama za nukta) hadi kwenye kimo kilichoandikwa ndani yake. Kwenye AutoCAD ya kawaida utahitaji skripti inayosoma maandishi, kuyafanya namba na kuipa nukta Z hiyo.

Chanzo cha tatu ni polilaini, yaani mstari mmoja wenye kona nyingi. Nukta zina Z nzuri, umezishika vizuri kwa OSNAP (kishikio cha nukta), umechora polilaini kwa PLINE, na bado mteremko ni sifuri. Polilaini ya kawaida ina kimo kimoja tu kwa mwili mzima. Inachukua Z ya nukta ya kwanza uliyobonyeza na kuwapa wengine wote hiyohiyo. Haikuambii. Unapiga chemba tano mfululizo ukidhani unashuka nazo, kumbe bomba lote limening'inia kwenye kimo cha chemba ya kwanza.

Jibu la vitabuni ni kutumia 3DPOLY, ambayo kila kona yake ina Z yake. Ila wachoraji wa maji taka wanaikimbia, na nawaelewa: 3DPOLY haionyeshi mstari wa vipande vipande. Ukiipa aina ya mstari wa dashi inabaki imenyooka kama waya, na mchoro wa bomba bila dashi hauvutii wala hausomeki. Mimi natumia LINE za kawaida, kipande kimoja toka chemba hadi chemba. LINE inashika Z mbili tofauti na inaonyesha dashi. Kuzichagua zote kwa pamoja ni usumbufu kidogo, lakini ndiyo sababu kuna leya, yaani tabaka za mchoro.

Chanzo cha nne kimejificha zaidi. Nukta zina Z, umetumia LINE, na bado ni sifuri. Andika OSNAPZ. Ikiwa 1, programu inashika nukta lakini inatupa Z yake na kuweka kimo cha sasa cha kuchorea, ambacho mara nyingi ni 0. Kuna mtu aliiweka hivyo kwa makusudi ili mistari ya ramani ya msanifu isirukeruke juu na chini, kisha akasahau. Irudishe 0. Mistari uliyokwisha kuichora haitajirekebisha. Itabidi uishike upya kwenye nukta.

Inasoma 342.86%, au namba yenye tarakimu kumi

Bomba la 342% ni karibu ukuta. Ukiona namba ya namna hii kwenye ramani ya juu, umesoma mwelekeo wa mstari ukadhani ni mteremko wake.

Dirisha la sifa lina mahali pa pembe, na pembe hiyo ni ya kwenye karatasi tu: mstari unaelekea wapi ukitazama kutoka juu. Bomba linalokwenda mita 7 mashariki na 24 kaskazini lina pembe ya nyuzi 73.74, na tanjenti yake ni 3.4286. Hapo ndipo 342.86% ilipozaliwa. Z haijaguswa kabisa. Bomba linaloelekea kaskazini moja kwa moja lina nyuzi 90, na tanjenti ya hapo haina mwisho, ndiyo maana unapata namba ndefu kama ya simu.

Amri ya DIST inatoa pembe zote mbili na watu huchukua ya kwanza kwa haraka. Ya kwanza ni pembe ndani ya bamba la XY, huo ni mwelekeo. Ya pili ni pembe kutoka kwenye bamba la XY, na hiyo ndiyo ya mteremko. Salama zaidi ni kuachana na pembe zote na kusoma Delta X, Delta Y na Delta Z zilizo chini yake. Kipeo cha pili cha Delta X jumlisha kipeo cha pili cha Delta Y, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, hapo una umbali wa mlalo. Gawa Delta Z kwa huo. Delta hazijali kama mtu aliweka kaskazini kuwa nyuzi sifuri kwenye UNITS wala kama pembe zinahesabiwa kwa kufuata saa. Pembe ya dirishani inajali yote hayo.

Imezidi mara kumi hasa

Furahi. Kosa lililo mara kumi kamili, au mara tano kamili, lina chanzo kimoja na linapona haraka.

Profaili ya barabara huchorwa kwa skeli mbili. Kwa mlalo 1:1000, kwa wima 1:100, ili mpando na mshuko uonekane. Bila hivyo barabara ya kilomita moja ingeonekana kama uzi ulionyooshwa. Kwa hiyo 3% halisi imechorwa kama 30%. Ukipima mstari huo kwa njia yoyote, programu itakuambia 30%, na haijakosea, maana mstari ulioko kwenye skrini ni wa 30%.

Gawa kwa 10. Lakini gawa asilimia, usigawe pembe. Hili limewapata watu wenye akili zao. Mteremko wa 10% uliokuzwa mara kumi unakaa nyuzi 45. Gawa 45 kwa 10 upate 4.5, kumbe pembe halisi ya 10% ni 5.71. Kwenye miteremko midogo tofauti haionekani sana, na ndiyo maana kosa hili linaishi muda mrefu ofisini bila kukamatwa.

Civil 3D inajua ukuzaji wake yenyewe, hivyo lebo za profaili zake husoma sawa. Matatizo huanza faili linapotumwa kwa mtu asiye na Civil 3D. Likigeuzwa kuwa la AutoCAD ya kawaida, au mtu akipiga EXPLODE, ile profaili yenye akili inakuwa mistari mitupu iliyokuzwa mara kumi, na hakuna kitu ndani ya mstari kinachokumbuka hivyo. Ukipokea profaili kutoka ofisi nyingine, tafuta kwanza namba za skeli pembeni, au pima gridi: kati ya mstari wa kimo 1140 na 1141 kuna uniti ngapi? Zikiwa 10, umeshajua.

Imekosea kidogo tu, na kosa linakua mstari ukisimama

Mabomba yako yanasoma vizuri, 2.50 inasoma 2.50. Halafu unapima kingo ya tuta la 1:2, unategemea 50%, unapata 44.72%. Mstari wa tatu wa majaribio, ule wa 100%, unasoma 70.71%.

Umegawa kwa urefu wa mstari wenyewe badala ya umbali wa mlalo. Urefu unaosomwa kwenye dirisha la sifa, na kitendakazi cha distance kwenye AutoLISP (lugha ya kuandikia skripti za AutoCAD), ni urefu wa kimshazari. Kupanda gawanya kwa mshazari ni saini. Mteremko ni tanjenti. Kwenye 2.5% hizi mbili zinatofautiana baada ya desimali ya pili, kwa hiyo mtu wa maji taka anaweza kufanya kazi miaka kumi na skripti mbovu bila kujua. Wa paa na wa tuta anajua siku ya kwanza.

Mabomba matatu tofauti, yote yanasoma 1°

Hili ni jepesi. 1:40 ni nyuzi 1.43. 1:60 ni 0.95. 1:100 ni 0.57. Pembe ikiwekwa bila desimali, kama inavyokuja kwenye kiolezo cha kawaida, zote tatu zinakuwa 1. Andika AUPREC, weka 2 au 3. Na kwenye mabomba usiandike mteremko kwa nyuzi kabisa. Fundi wa saiti hana kipimo cha nyuzi 0.95, ana kamba, futi na kipima maji. Mpe 1:60.

Wakati uko kwenye UNITS, hakikisha pembe si ya gradi. Jina linamdanganya mtu aone ni gradienti, yaani mteremko. Gradi 100 ni nyuzi 90, basi.

Skripti yenyewe inagoma

Hii ndiyo ninayotumia kwa mteremko wa kimo. Fupi, na imepita mistari yote mitatu (wa pili na wa tatu lazima zisome 0.00 hapa, maana Z zake ni sifuri, ukiona tofauti, kuna kitu).

```
(defun c:MTEREMKO (/ a b dx dy dz d)
  (setq a (getpoint "\nBonyeza chemba ya juu: "))
  (setq b (getpoint a "\nBonyeza chemba ya chini: "))
  (setq dx (- (car b) (car a))
        dy (- (cadr b) (cadr a))
        dz (- (caddr b) (caddr a))
        d  (sqrt (+ (* dx dx) (* dy dy))))
  (if (> d 0.0001)
    (princ (strcat "\nMteremko: "
                   (rtos (* 100.0 (/ dz d)) 2 2) "%"))
    (princ "\nMstari umesimama wima."))
  (princ))
```

Kwa profaili, weka dy mahali pa dz, dx mahali pa d, kisha gawa jibu kwa ukuzaji.

Iandike kwenye Notepad, ihifadhi kwa jina linaloishia na .lsp, ipakie kwa APPLOAD. Sasa yanayoharibika:

Programu inasema "Unknown command". Ama hujapakia, ama ulipakia jana. Ukifunga programu skripti inaondoka nayo, mpaka uiweke kwenye orodha ya kupakiwa kila inapowaka, iliyo ndani ya dirisha lilelile la APPLOAD. Kama uko kwenye AutoCAD LT (ile nyepesi) ya kabla ya toleo la 2024, acha kujisumbua. LT zile hazikuwa na AutoLISP.

Faili halionekani kwenye APPLOAD. Notepad imeliita mteremko.lsp.txt na Windows imekuficha huo mkia. Washa kuonyesha viendelezi vya majina ya faili.

"malformed list on input". Mabano hayajafungwa. Hesabu. Mara nyingi umenakili na kuacha mstari wa mwisho.

Umeipata kwenye WhatsApp au umeipitisha kwenye Word, na inatoa makosa yasiyoeleweka. Angalia alama za kunukuu. Word huzipinda, na AutoLISP inataka zilizonyooka. Zifute zote na uziandike upya kwa mkono.

"bad argument type" ikifuatiwa na nil. Hii inawapata wanaotumia skripti ya kuchagua mstari badala ya kubonyeza nukta mbili. Ndani ya LINE, mwanzo uko kwenye msimbo namba 10 na mwisho kwenye 11. Polilaini haina 11. Ina 10 nyingi, moja kwa kila kona. Skripti inatafuta 11, inakuta patupu, inalia. Chagua LINE, au vunja nakala ya polilaini kwa EXPLODE upime vipande. PEDIT, amri ya kuhariri polilaini, si dawa hapa.

Jibu ni 0 kila unapoandika namba kwa mkono. AutoLISP ikipewa namba kamili mbili inagawa kwa ukamilifu: 3 gawanya kwa 120 inatoa 0, kwa sababu desimali imetupwa. Andika 3.0. Nukta za mchoro huja na desimali zake, kwa hiyo skripti ya hapo juu haina shida hii.

"divide by zero". Unaandika mteremko kwa mtindo wa 1:n na mstari uko mlalo kabisa. Weka sharti kabla ya kugawa.

Mstari wa nyuzi 45 unatoa 161.98%. Umeichukua 45 ukaipeleka kwenye sin na cos kama ilivyo. AutoLISP inahesabu kwa radiani, wala haina tan ya kwake. Unagawa sin kwa cos. Zidisha nyuzi kwa pi kisha gawa kwa 180 kwanza. Jambo la kuchekesha ni kwamba kikokotoo cha 'CAL, kilicho ndani ya programu hiyohiyo, kinatumia nyuzi. Ukitaka kujua 1:40 ni nyuzi ngapi, andika 'CAL, kisha atan(1/40), kinakupa 1.43.

Nimeacha moja. Kama skripti inafanya kazi asubuhi na kukosea mchana, angalia UCS, yaani mfumo wa mihimili ya X, Y na Z unaochorea. Kuigeuza UCS ukiwa bado unatazama kutoka juu hakuathiri mteremko wa kimo, lakini mtu akiiacha imesimama kwenye ubavu wa jengo, Z inakuwa kina na Y inakuwa kimo. Andika UCS, kisha W.

Na programu ikikuuliza kama unaliamini faili la skripti, usizime ulinzi huo kwa kuweka SECURELOAD 0. Weka folda yako kwenye TRUSTEDPATHS. Mwaka 2012 ESET, kampuni ya programu za kuzuia virusi, ilitangaza kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP, kilichokuwa kimeenea zaidi Peru kikituma michoro ya watu nje kimyakimya. Kilikuwa kinakaa kwenye folda ya mchoro kikisubiri uufungue.

Nimesogeza mstari, lebo haijabadilika

Lebo iliyoandikwa na skripti ni maandishi yaliyokufa. Skripti ilipima, ikaandika, ikaondoka. Ukishusha chemba kesho, lebo itaendelea kusema ya jana bila aibu. Unataka inayofuata mstari, tumia FIELD (maandishi yanayosoma namba zake kutoka kwenye mstari), au lebo za Civil 3D ambazo zimefungwa kwenye kitu chenyewe.

FIELD nayo ina tabia zake. Haibadiliki papo hapo. Inasubiri REGEN (amri ya kuonyesha mchoro upya), au kuhifadhi, au kuchapa. Ikikataa hata baada ya REGEN, andika FIELDEVAL uone kama mtu aliiweka 0. Kawaida yake ni 31. Ukiona #### badala ya namba, kitu ilichokuwa inakitazama hakipo, pengine ulifuta mstari ukachora mwingine juu yake. Na lebo iliyonakiliwa peke yake kupelekwa kwenye mstari mwingine bado inautazama ule wa zamani. Kivuli cha kijivu nyuma ya maandishi ndicho kinachokuonyesha kwamba ni FIELD na si maandishi matupu. Hakitoki kwenye karatasi.

Inasoma 2.50%, lakini maji yanapanda

Sasa ile chemba.

Mstari una mwanzo na mwisho, na programu inahesabu mwisho toa mwanzo. Ukichora bomba kutoka juu kwenda chini, mteremko ni hasi. Ukichora bomba lilelile kutoka chini kwenda juu, ni chanya. Kwenye mchoro wangu baadhi ya vipande nilivichora kufuata maji na vingine nilivichora kinyume, kutegemea mkono ulikuwa karibu na chemba gani. Lebo zikatoka mchanganyiko: 2.50, 1.80, -2.20. Zilionekana vibaya. Kwa hiyo nikaongeza abs kwenye skripti ili kuondoa alama ya kutoa, na lebo zote zikapendeza.

Kipande cha kati ya chemba ya pili na ya tatu kilikuwa kinapanda kweli. Saveya alipima sawa, Z za nukta zake zilikuwa sawa, hesabu ilikuwa sawa. Nilikuwa nimekosea kuandika kimo cha chini cha chemba ya tatu, tarakimu mbili zikabadilishana. Alama ya kujumlisha ndiyo kitu pekee kwenye mchoro mzima kilichokuwa kinanipigia kelele, na mimi nikaiziba mdomo ili karatasi ipendeze.

Siku hizi abs haimo. Nachora kila kipande kutoka chemba ya juu kwenda ya chini, ndiyo maana maswali ya skripti hapo juu yameandikwa hivyo. Mstari uliochorwa kinyume naugeuza kwa REVERSE, inayokubali LINE na polilaini. Kisha naendesha skripti kwenye mtandao mzima, na kila namba inatakiwa iwe na alama ya kutoa mbele yake. Ikitokea moja haina, sichapi. Naenda kwenye chemba hiyo kwanza.